Kutu pembeni ya kioo cha mbele: kioo kitoke au kibaki?

Swali: Shikamoo fundi. Nina gari dogo la miaka ya 1990 nililoachiwa na baba. Kwenye kona ya chini ya kioo cha mbele, upande wa dereva, rangi imevimba na kufanya malengelenge matatu. Moja limepasuka na ndani ni kahawia. Mvua kubwa ikinyesha, zulia la upande huo linalowa. Fundi mmoja anasema atakwangua, ataweka puti ya kujazia na rangi, kisha atazungushia silikoni, kazi ya siku moja. Mwingine anasema bila kutoa kioo ni kazi bure. Kioo chenyewe hakina ufa na naogopa kisije kikavunjika. Nimsikilize nani? Na nikisubiri miezi michache hadi nipate fedha, nitaharibu nini?

Jibu: Marahaba. Msikilize yule wa pili. Lakini usimkabidhi gari leo. Kwanza elewa kinachoendelea chini ya hiyo rangi, maana kazi hii ina hatua nyingi zinazofichwa na hatua inayofuata, na mwenye gari asiyejua cha kutazama hataona kilichorukwa.

Malengelenge hayo matatu ni mahali kutu ilipotokea, sipo ilipoanzia. Kioo kimekalia ukingo mwembamba wa bati unaozunguka tundu lote, upana wake kama kidole hivi. Tuuite fremu. Ukingo huo umefunikwa na mpira, urembo wa plastiki au gundi, na huko ndiko maji hukaa siku nyingi bila kuonekana na bila kukauka. Chuma hakihitaji zaidi ya maji na hewa ili kishike kutu, na chumvi ikiwepo mambo huenda mbio. Kutu nayo ina tabia moja inayoeleza karibu kila kitu utakachokiona kwenye gari lako: inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara 2 hadi mara 6 hivi. Kwa hiyo inavimba. Ikivimba inainua rangi, rangi ikiinuka maji yanapata njia mpya, na kutu inatambaa mbele chini ya rangi ambayo kwa macho bado ni nzima. Lengelenge la ukubwa wa punje ya dengu hapo nje mara nyingi lina mwenzake wa urefu wa kidole chini ya mpira.

Uvimbe huohuo ukitokea kati ya bati na kioo, unakisukuma kioo. Kioo cha mbele ni tabaka mbili za kioo zenye utando wa plastiki katikati, na sehemu yake dhaifu ni kingo. Nimeona vioo vilivyopasuka gari likiwa limeegeshwa tu, ufa umeanzia pembeni, pasipo na alama ya jiwe. Tulipovitoa, palepale ufa ulipoanzia tulikuta kichuguu cha kutu. Unasema unaogopa kutoa kioo kisije kikavunjika, na hofu hiyo ni ya haki, nitairudia. Ila jua kwamba kukiacha juu ya kutu nako ni kukihatarisha.

Kilichonishtua zaidi katika maelezo yako ni zulia. Malengelenge ni uchafu wa sura; zulia linalolowa maana yake maji tayari yana njia ya kuingia ndani, na pale miguuni ndipo magari mengi huwa na nyaya, na baadhi yana kisanduku cha fyuzi. Sakafu nayo huanza kuoza kutokea ndani, chini ya sifongo la zulia, ambapo hutaiona hadi siku utakapokanyaga pakabonyea. Inua zulia leo, uliegemeze wazi, likauke.

Kisha tafuta njia ya maji kabla ya kumlaumu mtu au kitu. Anza na sehemu isiyo na gharama. Chini ya vifuta kioo kuna mfereji uliofunikwa na plastiki, na mfereji huo una matundu ya kutolea maji pembeni, kushoto na kulia. Majani makavu na vumbi vikiyaziba, mfereji unageuka karai. Maji yanapanda hadi kufika ukingo wa chini wa kioo na yanakaa hapo, au yanaingia kupitia tundu la hewa ya feni hadi miguuni. Toa ile plastiki, zoa takataka kwa mkono, mwaga maji kidogo, uone kama yanatoka chini ya gari. Nimewahi kuona magari yaliyotolewa kioo, yakapigwa rangi, yakarudishwa kioo, na zulia likaendelea kulowa kwa sababu hakuna aliyegusa mfereji.

Baada ya hapo fanya jaribio la maji. Watu wawili: mmoja nje na bomba la maji yasiyo na nguvu, mwingine ndani na tochi, plastiki ya kufunika nguzo (mihimili ya bati iliyo kushoto na kulia kwa kioo) na ile ya miguuni zikiwa zimetolewa ili bati lionekane. Anza chini kabisa, kwenye mfereji. Dakika tano. Panda kona ya chini ya kioo, dakika tano nyingine. Kisha nguzo, kisha juu. Ukianza juu maji yatateremka kila mahali na hutajua yaliingilia wapi. Wa ndani akiona tone la kwanza, apige kelele, na wa nje akumbuke bomba lilikuwa wapi.

Ukimaliza, chukua sumaku ndogo uifunge kwa kitambaa laini na uipitishe kuzunguka kioo. Bati lenye afya litaivuta kila mahali kwa nguvu ileile. Mahali itakapolegea pana puti ya zamani, maana yake kuna mtu alishapita hapo kabla yako. Na penye lengelenge lililopasuka, bonyeza kwa ncha ya bisibisi bila huruma. Ikigonga chuma na kurudi, bado uko salama kiasi. Ikizama, bati limeoza na kazi itahitaji kuchomelea. Ni bora ujue sasa kuliko kuambiwa gari likiwa halina kioo.

Swali moja ninalomuuliza kila mwenye gari la umri huo: kioo kimewahi kubadilishwa? Kioo cha zamani kilichoshikwa kwa gundi hutolewa kwa kisu au waya, na kisu kikiteleza kinakwaruza rangi ya fremu hadi kwenye chuma. Anayeweka kioo kipya asipopaka praima, yaani rangi ya kwanza inayoshika chuma, kwenye mkwaruzo huo, amefungia ugonjwa ndani. Niliwahi kupokea gari ambalo kioo chake kilikuwa kimebadilishwa miaka mitatu nyuma, mahali fulani. Tulipoondoa gundi tukakuta mstari mmoja wa kutu, mwembamba, umenyooka kama uliochorwa kwa rula, umefuata njia ya kisu kutoka kona moja hadi nyingine. Tone moja la praima lingetosha. Sisemi hili kumsuta mtu. Nalisema kwa sababu gari lako litapitia mkono wa kisu hichohicho, na utahitaji kuwa hapo.

Sasa kuhusu kukitoa. Tazama kwanza kimeshikwaje. Magari ya zamani zaidi yana mpira mnene unaouma bati upande mmoja na kioo upande wa pili. La miaka ya 1990, kama lako, kwa kawaida kioo kimebandikwa kwa gundi ya poliyurethani na mpira unaouona pembeni ni urembo tu. Tofauti ni kubwa. Kioo cha gundi ni sehemu ya mwili wa gari: kinasaidia kubeba paa gari likipinduka, na katika magari mengi yenye mfuko wa hewa wa abiria, mfuko unapofumuka huegemea kioo. Gundi iliyopakwa juu ya kutu imeshika kutu, na kutu haijashika chochote. Hii peke yake inatosha kukataa ushauri wa fundi wako wa kwanza.

Kabla hakijaguswa, hakikisha una mkononi mpira au urembo mpya, vibanio vyake vipya, na umeuliza kama kioo cha gari lako bado kinapatikana. Sisemi kitavunjika. Lakini ukijua kipo, utamruhusu fundi afanye kazi kwa utulivu. Mpira wa zamani uliokauka usijaribu kuuokoa. Ukatwe mdomo wake wa nje, kioo kisukumwe kutoka ndani na watu wawili, taratibu, kuanzia kona ya juu. Kioo cha gundi kikatwe kwa waya kuliko kisu kirefu, hasa karibu na kona yenye kutu, kwa sababu hapo kutu imekibana kioo na kisu kitalazimisha. Kikishatoka kipelekwe mbali, kifunikwe. Cheche za grainda, mashine ya kusagia chuma, huingia kwenye kioo kama punje za mchanga wa moto na kubaki humo, hazisuguliki. Kioo kilichonusurika kutolewa kinaweza kuharibiwa kwa cheche za dakika moja.

Hapa ndipo utakapoona ukweli. Mara nyingi mpira ukiinuliwa hutoka kwanza tope jeusi lililosagika kama kahawa, kisha maji ya rangi ya chai, hata kama haijanyesha wiki nzima. Chini yake kuna magamba ya kutu yanayobanduka kwa kucha. Usishtuke. Magamba mazito hayamaanishi lazima bati limekwisha. Kumbuka kutu inavimba, kwa hiyo milimita moja ya gamba imekula chuma kidogo kuliko inavyoonekana.

Usafishaji ndio kazi yenyewe, na mengine yote yanaufuata. Magamba yatolewe kwa kikwangulio na brashi ya waya, kisha bati lisuguliwe hadi ling'ae, na lisuguliwe kupita mpaka wa kutu, hadi sentimita mbili tatu ndani ya rangi nzima iliyokataa kubanduka. Watu wengi wanasimama pale kahawia inapoishia. Kutu iliyo chini ya rangi haina rangi ya kahawia kwa nje. Pia usiruhusu grainda ipite ovyo sehemu nzima: bati la magari mengi ya kipindi hicho limepakwa zinki kiwandani, na zinki hiyo ukiisaga hairudi.

Ukishang'arisha, leta uso karibu na bati, na taa ya pembeni. Utaona vidoa vyeusi, vidogo kama ncha za sindano, vimetapakaa kwenye chuma kinachong'aa. Hivyo ni vishimo, na weusi ulio ndani yake ni kutu hai. Brashi ya waya haivifikii, inavipaka tu mng'aro juu. Hapo ndipo kutu hurudi baada ya mwaka na watu husema rangi ilikuwa mbaya. Dawa yake ni kupuliza mchanga kwa hewa ya kompresa, kama kuna kifaa, au kutumia dawa ya kugeuza kutu. Ziko za aina mbili kubwa. Ya asidi ya fosforiki hugeuza kutu kuwa fosfeti ngumu ya kijivu; ya tanini huigeuza kuwa nyeusi yenye ubuluu. Zote hufanya kazi kwenye kutu nyembamba tu iliyoshika chuma, hazigeuzi magamba. Ya asidi isafishwe na ikaushwe kama kopo linavyoelekeza, kwa sababu mabaki ya asidi yakibaki, praima ya epoksi haitashika vizuri juu yake.

Kuanzia hapo msiguse bati kwa mikono mitupu. Jasho lina chumvi, na nimeona alama za vidole zimechorwa kwa kutu kwenye chuma kilichokaa usiku mmoja. Vaeni glavu, mfute kwa kiondoa mafuta, na praima iingie siku hiyohiyo. Bati lililo wazi hewa ikiwa na unyevu huanza kugeuka rangi ya machungwa ndani ya saa chache.

Bisibisi ikiwa ilizama, kuna kuchomelea, na sitakudanganya kwamba kuna njia ya mkato. Sehemu iliyooza ikatwe yote hadi kwenye bati zima, kipande kipya chenye unene uleule kikunjwe kifuate umbo, kichomelewe kwa nukta fupifupi zilizoachwa zipoe, ili bati lisijikunje na kioo kikakataa kukaa. Puti au kitambaa cha faiba juu ya tundu haviongezi nguvu yoyote, na nguzo za kioo ni mifupa ya gari. Betri ifunguliwe nyaya. Vitambaa vya dari na plastiki za ndani vitolewe, kwa kuwa moto wa gereji huanzia hapo. Gundi ya zamani ya kioo iondolewe kabisa karibu na mahali pa moto, kwani ikiungua inatoa moshi wenye sumu. Na jambo linalosahaulika karibu kila mara: joto la kuchomelea limeunguza rangi ya upande wa ndani wa nguzo, usioonekana. Huko ipulizwe nta ya kuzuia kutu kwa mrija mwembamba, baada ya kazi yote ya rangi kwisha. Msipofanya hivyo, bati jipya litaoza kutokea ndani.

Praima iwe ya epoksi, ile inayochanganywa kutoka makopo mawili, kwa sababu inashika chuma kitupu na haipitishi maji kirahisi. Praima nyingi za kawaida za kijivu, zile rahisi kusugua, hufyonza maji. Zikikaa juu ya chuma bila epoksi chini, ni kama kitambaa kibichi. Puti nayo hufyonza, kwa hiyo ikihitajika ikae juu ya epoksi, nyembamba, kusawazisha tu, tena nje ya sehemu inayoshika gundi. Mpulizaji avae barakoa yenye vichujio vya kemikali. Ile ya kitambaa haimlindi chochote dhidi ya rangi za makopo mawili.

Kwenye fremu yenyewe, mahali gundi itakaposhika, usitake irembwe kwa rangi nene na mng'aro. Kila tabaka unaloongeza chini ya gundi ni tabaka jingine linaloweza kubanduka. Watengenezaji wengi wa gundi hutaka hapo pazibwe wakati wa kupuliza rangi ili gundi ikae juu ya praima, na kama rangi imepita, iachwe ikauke kabisa kwa ndani, siku na si saa, kabla kioo hakijarudi. Sehemu ambazo hazikuwa na kutu, gundi ya zamani isibanduliwe hadi chuma. Ipunguzwe kwa kisu ibaki milimita 1 hadi 2. Gundi mpya hushika juu ya ile ya zamani iliyo safi kuliko juu ya kitu kingine chochote.

Kioo kikisharudi, gari lisiendeshwe hadi muda ulioandikwa kwenye mrija wa gundi upite. Poliyurethani hukaushwa na unyevu wa hewani, kwa hiyo hali ya hewa ikiwa kavu sana au ya baridi, inachelewa. Milango ifungwe taratibu na dirisha moja liachwe wazi kidogo, maana mlango ukibamizwa hewa ya ndani inasukuma kioo kipya nje.

Nirudi kwa silikoni ya fundi wako wa kwanza, maana hili lina madhara zaidi ya kutofaa. Silikoni ya kawaida, ile inayonuka siki ikitoka kwenye mrija, hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hushambulia chuma. Ukiizungushia juu ya kutu umeifunika, umeitia asidi, na umeyazuia maji yaliyo chini yake yasitoke. Juu ya hayo, mabaki ya silikoni hukataa rangi na hukataa gundi. Yeyote atakayekuja baadaye kufanya kazi ya kweli atatumia saa nyingi kuyaondoa. Kama imeshapakwa mahali fulani kwenye gari lako, mwambie fundi mapema.

Uliuliza kuhusu kusubiri. Kama bisibisi haikuzama na kioo hakichezi ukikisukuma kwa kiganja kutoka ndani, unaweza kusubiri miezi michache, mradi usisubiri bure. Safisha mfereji. Siku kavu, toboa hayo malengelenge, kwangua unachokifikia, kausha kwa hewa ya moto, paka dawa ya kugeuza kutu, kisha epoksi kidogo kwa brashi na rangi juu yake. Haitaponya kilicho chini ya mpira, lakini itapunguza mwendo. Usipake oili wala mafuta ya kulainisha: yanaharibu mpira, yanaingia kwenye gundi, na yatasumbua rangi baadaye. Unapoosha gari, bomba la presha lisielekezwe kwenye kingo za kioo. Ukifunika gari, lifunike likiwa kavu.

Bisibisi ikizama, au kioo kikitoa mlio gari likipita kwenye mashimo, usisubiri tena.

Halafu piga picha ya kona hiyo leo, ukiwa umeweka sarafu kando ya lengelenge kubwa. Mwezi ujao piga nyingine kwa umbali uleule, sarafu ileile. Ukiweka picha mbili pamoja utajua kama una miezi au una wiki, na ukimpelekea fundi wa pili picha hizo ataweza kukupangia kazi hata kabla hajaliona gari.